Mkaguzi wa Mioyo wa Lobatse

Alipozaliwa yeye, binti wa tano mfululizo, baba yake alikaa nje ya nyumba akavuta kiko mpaka kikazimika, kisha akasema mtoto aitwe Mosetsanagape. Maana yake "msichana tena". Hakusema kwa uchungu. Kule kijijini Kanye mtu hupewa jina la jambo lililotokea, na hilo ndilo lililokuwa limetokea. Jina lilikuwa refu kuliko mtoto mwenyewe, watu wakalikata likabaki Gape, yaani "tena", na Gape akakua nalo bila kinyongo.

Mvulana hakuja kamwe, kwa hiyo ng'ombe wakawa wa Gape. Alipofika miaka minane alikwenda na baba yake kambini kwenye mifugo, na kila ng'ombe alimjua kwa rangi na pembe zake. Baba alikuwa pia mchinjaji wa shughuli za mtaani. Pakiwa na harusi au msiba, ndiye aliyeitwa na kisu chake. Kifua cha ng'ombe kilipopasuliwa, watoto wengine waliyavizia maini. Gape aliinama kuangalia moyo.

"Baba, mbona upande huu mnene hivi na huu mwembamba?"

"Upande wa nini?"

"Wa moyo. Shika uone."

Baba akashika, akabonyeza huku na huku, akakuna kichwa. "Nimechinja miaka ishirini sijaliona hilo," alisema. "Siku ukijua sababu, uje unieleze."

Alijua akiwa na miaka ishirini na moja, chuoni, alipokuwa akisomea ukaguzi wa nyama. Likizo ya kwanza alifika nyumbani na kabla hata ya kuvua viatu akamweleza baba: upande wa kulia unapokea damu iliyochoka kutoka mwilini na kuisukuma mapafuni tu, hapo jirani, ikachukue hewa. Upande wa kushoto unaipokea ikitoka mapafuni na kuisukuma mwili mzima, kuanzia masikioni hadi kwatoni. Kazi hiyo inataka misuli.

"Kwa hiyo huu mwembamba ni mvivu," baba akasema.

"Si mvivu, baba. Safari yake fupi."

Baba alicheka sana, na wiki nzima kila mgeni aliyeingia uani alisimuliwa habari za moyo, zikiongezewa chumvi kidogo kila siku.

Baada ya chuo Gape aliajiriwa kwenye machinjio moja ya Lobatse. Alivaa buti nyeupe za mpira, koti jeupe, kisu kiunoni na chuma cha kunolea ubavuni. Ng'ombe walipita mbele yake wakining'inia kwenye kulabu, na sehemu yake kubwa ya kazi ilikuwa mioyo. Kila moyo ulipaswa kupasuliwa na kukaguliwa, maana viluwiluwi vya tegu hupenda kujificha katika misuli yake. Alipasua mia mbili kwa siku. Baada ya miaka kumi mikono yake ilijua mambo ambayo hakuna kitabu kilichomwambia: moyo wa maksai mzee unavyokuwa mzito, wa ndama unavyoteleza, ukuta wa ndani unavyong'aa kama hariri iliyoloa.

Wanaume wa pale hawakuacha kumchokoza. "Mma, leo umevunja mioyo ya wangapi?" aliuliza mmoja kila asubuhi, mtu wa kuchuna ngozi.

"Mia na tisini," alijibu Gape. "Wako nao ulipita, lakini haukuwa na kitu ndani, nikauacha uende."

Aliolewa na Gaolathe, seremala wa shule ya sekondari, mtu mrefu mwenye sauti nene ya kutikisa vioo vya madirisha. Gaolathe alikuwa kiongozi wa kwaya ya kanisa lao, na kwaya kule ni jambo zito. Watu hununiana mwaka mzima kwa sababu ya matokeo ya mashindano. Walimpata binti mmoja, Wame, na tangu hapo wao wakawa Mma-Wame na Rra-Wame, yaani Mama Wame na Baba Wame.

Wame alikuwa ameshakwenda chuo cha ualimu Francistown pale mambo yalipoanza. Jumapili moja, katikati ya wimbo, Gaolathe aliinua mkono kuwaingiza waimbaji wa sauti ya nne, akafungua kinywa, na sauti haikutoka. Alisimama akitweta kama mtu aliyepanda mlima. Kwaya ikaendelea bila yeye. Nyumbani alisema ni vumbi. Wiki ya pili alikohoa sana, na Gape akamwona anaongeza mito kitandani, mmoja, kisha miwili, kisha mitatu, kwa kuwa akilala chali pumzi inakata. Siku viatu vyake vya kanisani vilipokataa kuingia miguuni, Gape alipiga magoti, akabonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba. Shimo lilibaki pale pale, kama kwenye unga wa mkate uliokandwa.

"Vua koti," alisema. "Tunakwenda hospitali."

"Leo kuna mazoezi ya kwaya, Mma-Wame."

"Utaimba na nini? Na miguu?"

Daktari wa moyo alikuwa Gaborone, kijana aitwaye Moagi, mwenye haraka na miwani inayoteleza puani. Alimlaza Gaolathe ubavu, akampaka mafuta ya baridi kifuani na kupitisha juu yake kifaa kidogo cha kuonyesha moyo kwa mawimbi ya sauti. Kwenye kioo ukatokea moyo wa Gaolathe, kijivu juu ya weusi, ukifumba na kufumbua. Daktari alianza kuongea Kiingereza cha hospitali, haraka haraka, macho yakiwa kwenye karatasi. Gaolathe aliitikia kwa kichwa kila sentensi kama mtu anayesomewa hukumu.

Gape hakuwa akisikiliza. Alikuwa anatazama kioo.

"Rra, samahani," alikatiza. "Hicho si kilango cha kushoto, kati ya chumba cha juu na cha chini? Chenye vipande viwili na nyuzi?"

Daktari akasukuma miwani juu. "Ndicho."

"Mbona vipande havikutani?"

Daktari alimgeukia. "Mma, wewe ni nesi?"

"Hapana. Mimi ni mkaguzi wa nyama."

Daktari Moagi alicheka mpaka akalazimika kuweka kile kifaa chini. Kisha akavuta kiti, akaketi, akaanza upya kwa Kitswana, polepole. Alimuuliza Gaolathe kama utotoni aliwahi kuugua koo, halafu magoti yakavimba. Gaolathe alikumbuka: darasa la tatu, alibebwa mgongoni mwezi mzima. Basi ilianzia hapo, daktari alisema. Mwili ulipopigana na vijidudu vya koo uliujeruhi na moyo wake wenyewe, na makovu yakakikaza kilango kidogo kidogo kwa miaka thelathini, mpaka vipande vyake vikawa vigumu na vifupi. Kila pigo, sehemu ya damu inarudi nyuma badala ya kwenda mwilini, inarundikana mapafuni, na maji yanachuruzika mahali pasipostahili. Vidonge vitapunguza maji kwa muda. Dawa yenyewe ni kubadilisha kilango, kazi itakayofanyika ng'ambo ya mpaka, Johannesburg, kwa gharama ya serikali.

"Kubadilisha," Gaolathe alirudia. "Moyo ukiwa unatembea?"

"Hapana, Rra. Tunausimamisha kwanza."

Gaolathe alianza kufunga vifungo vya shati lake.

Jambo kama hilo haliamuliwi na watu wawili. Liliwafikia wajomba, na mkubwa wao alikuwa Mjomba Dikgang, kaka wa marehemu mama yake Gaolathe, mfugaji wa Kanye mwenye fimbo, kofia ya manyoya na maoni juu ya kila kitu. Ukoo ulikaa naye uani kwake Jumamosi ya kwanza. Mzee alisikiliza mpaka mwisho kisha akatoa neno lake.

"Mtu aliyesimama moyo amekufa," alisema. "Mimi nimezika wengi, wote moyo ulikuwa umesimama. Sijaona aliyewashwa tena."

Watu wakaitikia kwa kuguna. Gaolathe mwenyewe aliinamisha kichwa, na Gape akaona kwamba mume wake amepata mlango wa kukimbilia. Hakubishana. Alipiga magoti mbele ya mzee kama inavyopasa, akasema, "Mjomba, naomba turudi hapa Jumamosi ijayo. Nitaleta ng'ombe wangu tuchinje, tuzungumze tukiwa tumeshiba."

Hapo hakuna aliyepinga.

Kazini kwake hakukuwa na moyo mzima wa kuazima. Mioyo yote ilishapasuliwa kwa visu vya wakaguzi, yeye wa kwanza. Ndiyo maana alihitaji ng'ombe wake mwenyewe. Wiki ile alirudi Gaborone mara mbili, akamganda Daktari Moagi kwa maswali kuhusu ile mashine inayofanya kazi moyo ukilala, na yote akayaandika kwenye daftari la shule. Gaolathe alimtazama akisoma mezani.

"Mke wangu, wewe umezoea ng'ombe. Mimi si ng'ombe."

"Najua. Ng'ombe habishi."

Jumamosi dume jekundu lilichinjwa alfajiri. Nyama ikaingia kwenye sufuria tatu za miguu mitatu ichemke mpaka ipondeke, na Mjomba Dikgang akatangaza kwamba moyo ni wake, wa kuchoma, aletewe na chumvi.

"Utakula, Mjomba," Gape alisema. "Lakini utausubiri."

Aliuweka mezani katikati ya ua, mzima, ukiwa bado na joto, pembeni ya beseni na jagi la maji. Watu wakasogea. Gape alikuwa na kisu mkononi na hofu haikuwepo hata chembe. Mbele ya moyo alikuwa nyumbani kwake.

"Huu una vyumba vinne kama wenu," alianza. "Viwili juu vya kupokea, viwili chini vya kusukuma. Mjomba, shika hapa. Na hapa."

"Huku mnene," mzee alisema.

"Huko ndiko damu inakotokea kwenda mwilini. Na hii mishipa midogo iliyouzunguka kwa nje ni chakula chake wenyewe. Moyo umejaa damu lakini haunywi ile iliyo ndani. Nao hutengewa sahani yake kama sisi."

Alikata chumba cha juu cha kushoto akakiondoa, ili kilango kionekane kutoka juu. Kilikuwa na vipande viwili vyeupe, laini, vikishikwa chini na nyuzi nyingi nyembamba zilizofungwa kwenye misuli. Akamimina maji. Yalipita katikati ya vipande na kushuka bila kizuizi, chumba kikajaa.

"Sasa tazameni."

Aliukumbatia moyo kwa mikono miwili, mikono iliyoshika visu miaka ishirini, akaubana. Vile vipande viwili viliinuka, vikatuna kama matanga madogo, vikagusana na kufunga. Hakuna tone lililorudi juu. Maji yaliruka kwa nguvu kupitia mshipa mkuu na kupiga beseni.

"Ee!" watu walisema kwa pamoja.

"Hivyo, mara sabini kila dakika, mara laki moja kila siku, hata ukiwa umelala. Ile sauti unayoisikia ukiweka sikio kifuani mwa mtu, tu-tup, tu-tup, si moyo unaogonga mbavu. Ni milango inafungwa."

Shangazi mmoja aliweka kiganja kifuani pake akatulia, akisikiliza.

"Na damu ya miguuni?" Mjomba Dikgang aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyepata pa kumnasa. "Inapandaje kurudi? Moyo uko juu, mguu uko chini, na maji hayapandi mlima."

"Inasukumwa kutoka nyuma, na mishipa ya kurudishia nayo ina vilango vidogo njia nzima, vinaruhusu kupanda tu. Ukitembea, misuli ya mguu inaikamua mishipa, damu inapanda ngazi moja moja. Ndiyo maana nakwambia kila siku usikae kwenye kiti kutwa."

"Ameanza," mzee alinung'unika, watu wakacheka, lakini miguu yake aliikunjua.

Gape alijaza tena maji. Safari hii alichukua kisu, akaingiza ncha, akakata nyuzi tatu za kilango. "Cha Rra-Wame hakikukatika nyuzi, kimekauka kwa makovu," alisema, "lakini matokeo yake ni haya haya." Akabana. Kipande kimoja kilipinduka, na maji yakaruka juu badala ya pembeni, yakammwagikia Mjomba Dikgang kuanzia kifuani hadi magotini.

Ua zima lililipuka kwa kicheko. Gaolathe ndiye pekee ambaye hakucheka. Alikuwa amesimama, amesogea mpaka mezani, anakitazama kile kilango kilichopinduka.

"Hiyo ndiyo inayorudi mapafuni kwangu," alisema taratibu.

"Ndiyo. Kila pigo."

"Kwa hiyo si kwamba nimezeeka."

"Una miaka arobaini na mbili, Rra-Wame. Umevunjika mlango tu. Na wewe ni seremala."

Mjomba Dikgang alikuwa anajipangusa kwa kofia yake, lakini hakuwa amesalimu amri. "Haya, mlango tumeuona. Bado hujaniambia moyo ukisimama damu inakwenda wapi."

Gape akafungua daftari. Wanaingiza mipira kwenye mishipa mikubwa, alieleza. Damu inayorudi kutoka mwilini haiingii moyoni, inatoka nje, inakwenda kwenye mashine, inapewa hewa humo kama mapafu yanavyofanya, kisha pampu inairudisha mwilini. Moyo unapewa dawa ya kuulaza, unapoozwa, unafunguliwa, kilango kinashonwa. Wakimaliza, damu ya uvuguvugu inarudishwa ndani yake, nao unaanza upya.

Mzee alichora mchanga kwa fimbo.

"Kama injini ya kisima," alisema hatimaye, akimwangalia jirani yake wa kambini. "Ile ya dizeli ilipokufa kule kwangu. Si tuliazima yako, tukaiunga kwenye bomba, fundi akafungua yangu yote vipande vipande?"

"Siku tatu nzima," jirani alikubali.

"Na ng'ombe walikunywa?" Gape aliuliza.

"Walikunywa."

"Alikufa hata mmoja?"

Mzee akafikiri. "Mmoja. Lakini yule alikula plastiki."

Walipomaliza kucheka, Mjomba Dikgang alisimama, suruali ingali imeloa, akasema mpwa wake aende Johannesburg, na kwamba yeye hakuwahi kukataa, alikuwa anauliza tu. Kisha akadai moyo wake. Alichomewa, akaula wote, akisifu kwamba umeoshwa vizuri.

Upasuaji ulifanyika mwezi wa Agosti. Gape alikaa kwenye benchi la korido ya hospitali saa sita, na mtu akimuuliza alikuwa na hali gani, anakiri kwamba ujasiri wake wote aliuacha Kanye kwenye lile beseni. Alijua mno. Kila dakika alijua nini kinakatwa. Mpasuaji alipotoka, mama mfupi mwenye alama ya barakoa usoni, alimwambia moyo ulilala dakika themanini na tano, na damu ya joto iliporudi uliamka wenyewe, bila kushtuliwa na umeme.

"Wenyewe?" Gape aliuliza.

"Wenyewe, Mma. Kama mtu aliyeitwa jina."

Ndipo alipolia.

Siku ya tatu Gaolathe alifumbua macho vizuri, akamwita mke wake kwa kidole. "Kuna saa imeangukia ndani yangu," alinong'ona. Gape aliweka sikio karibu na bendeji. Kilango kipya, cha chuma, kilikuwa kinafunga: tik, tik, tik, safi, bila kusitasita. Alibaki ameinama hivyo mpaka nesi akaja kumwondoa.

Maisha ya baadaye hayakuwa rahisi yote. Damu hupenda kuganda juu ya chuma, kwa hiyo Gaolathe alipewa vidonge vya kuizuia, kimoja kila siku mpaka mwisho wa uhai, na kila mwezi damu yake ilipimwa isiwe nyepesi kupita kiasi wala nzito. Hata mboga za majani, alizozipenda kuliko nyama, ilibidi ale kwa kiasi kile kile kila wiki, kwa sababu zikizidi zinavuruga dawa. Mwaka wa pili alikwenda Maun na kwaya akasahau vidonge siku nne. Gape alisikia habari hiyo kwenye simu, akaomba ruhusa kazini, akapanda basi, akamtoa mazoezini mbele ya waimbaji arobaini.

"Nilichinja dume langu jekundu kwa ajili yako," alimwambia, "wewe unashindwa kumeza kitu kidogo kuliko harage?"

Waimbaji wa sauti ya nne walitazama dari. Hakusahau tena.

Sauti yake ilirudi, si yote, ila ya kutosha. Kanisani, maombi yanapokuwa ya kimya, watu wa benchi la mbele husikia ule mlio kifuani mwake, na yeye huwaambia wanakwaya kwamba sasa hawana kisingizio cha kukosea mapigo.

Daktari Moagi hakuisahau habari ya beseni. Gaolathe alimsimulia kwa vitendo, pamoja na suruali ya mjomba. Alitafuta kibali cha kupewa moyo usiopasuliwa, akamwomba Gape aje hospitali kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi kuzungumza na wagonjwa wanaosubiri upasuaji na ndugu zao, na moyo mzima wa ng'ombe utakuwepo mezani. Gape ameifanya kazi hiyo miaka kumi na minne sasa, na hata baada ya kustaafu machinjio hakuiacha. Wengi humwuliza maswali hadi chai inapoa. Wachache hukataa hata kutazama, naye hawalazimishi.

Mwezi uliopita alikuja bibi mmoja kutoka Kang, Mma-Oarabile, mkavu, amejifunga blanketi begani, ana kilango kibovu na watoto watano waliokuwa wakibishana juu ya upasuaji wake kana kwamba hayupo chumbani. Hakuuliza swali hata moja. Gape alipomaliza, bibi alinyanyuka, akakunja mikono ya blauzi.

"Nipe mimi niubane," alisema.

Watoto wake wakaanza kumzuia. Gape alijaza maji, akamsogezea meza. Mma-Oarabile aliukumbatia moyo, akavuta pumzi yake fupi, akabana kwa nguvu zake zote. Vilango vikafunga. Maji yaliruka yakavuka beseni, yakapiga ukuta wa upande wa pili.

Bibi alijifuta mikono kwenye blanketi, akamgeukia Daktari Moagi aliyekuwa amesimama mlangoni. "Andika jina langu," alisema. "Hawa wataendelea kubishana nikiwa njiani."